Jino linalouma kuliko yote si lazima liwe ndilo la hatari: ipi ni dharura, ipi inasubiri asubuhi?

Gego la Mwisho (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno, na kuna kitu nakiona kila mara nimeona nikilete hapa. Watu hupima dharura kwa ukali wa maumivu. Kipimo hicho kinadanganya. Anayeingia analia, kashika shavu, hajalala, mara nyingi akisubiri hadi kesho hapotezi kitu ila usingizi. Anayeingia ametulia na kusema "haliumi tena, nimevimba kidogo tu hapa chini ya taya", huyo ndiye anayetufanya tuache mengine yote.

Sababu ni hii. Katikati ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kiini hicho kimezungukwa na ukuta mgumu usiotanuka. Kikivimba hakina pa kwenda, msukumo unapanda, na ndiyo yale maumivu ya usiku wa manane yanayokufanya uzunguke chumbani. Kiini kikifa, maumivu yanakata ghafla. Mtu anashukuru Mungu, anarudi kulala. Kumbe bakteria wamebaki mle ndani bila wa kuwazuia, kwa sababu damu haifiki tena. Wanashuka hadi ncha ya mzizi, wanaingia kwenye mfupa, kisha usaha unaanza kutafuta pa kutokea.

Hapo ndipo bahati inapoingia. Usaha ukitokeza upande wa fizi, unapata kijipu kinachopasuka chenyewe. Lakini mizizi ya magego ya nyuma ya taya la chini mara nyingi huishia chini ya ule msuli unaofanya sakafu ya kinywa. Usaha ukitobokea huko, unakuwa umeingia shingoni, kwenye nafasi zilizo jirani na njia ya hewa. Meno ya juu nayo yana njia yake: chonge la juu likioza, uvimbe unaweza kupanda pembeni mwa pua hadi kwenye jicho.

Kwa hiyo mimi huangalia saa, si kilio. Jino la kudumu lililong'oka zima kwa ajali ni suala la dakika. Uvimbe unaosambaa, damu isiyokata na taya lililovunjika ni suala la saa. Jino linalouma usiku bila uvimbe, kipande kilichomeguka, kizibo kilichotoka na taji la bandia lililochomoka vinakera kweli, lakini ni vya siku moja au mbili. Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

Kipenga

Nimekaa mkao wa kula. Mimi nafundisha vijana mpira, na magoti na viwiko vinavyokutana na midomo havihesabiki. Jino likidondoka uwanjani nifanye nini? Nimesikia liwekwe kwenye maji, wengine barafu, wengine wanasema lifungwe kwenye karatasi upeleke hospitali.

Gego la Mwisho

Kipenga, swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri, maana hapa anayeokoa jino ni aliye uwanjani. Daktari analikuta limeshaokolewa au limeshakufa.

Kwenye mzizi wa jino lililong'oka zimebaki nyuzinyuzi na chembe hai, zile zilizokuwa zinalishikilia kwenye mfupa. Zikiwa hai, jino linaweza kushika tena. Zikikauka, zinakufa. Jino likirudishwa ndani ya robo saa hivi ya kwanza, uwezekano ni mzuri sana. Likikaa nje, kavu, zaidi ya dakika 60, chembe hizo huwa zimekwisha karibu zote. Karatasi kavu ndiyo njia ya uhakika ya kuliua.

Kwanza hakikisha kijana ana fahamu zake na hajaumia kichwa. Tafuta jino, lishike kwenye taji, ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka. Mzizi usiuguse. Likiwa na mchanga, lisuuze taratibu kwa sekunde chache kwa maziwa, kwa maji ya chumvi ya hospitali (yale ya kwenye dripu) au kwa mate yake mwenyewe. Usisugue, usitie sabuni, usilikwangue ule utando unaouona kama uchafu, ndio uhai wenyewe.

Kisha lirudishe kwenye tundu lake hapo hapo. Najua mikono inatetemeka. Angalia jino la jirani, upande wa mbele wa hili ulingane na wa lile, lisukume polepole hadi likae. Mpe leso safi iliyokunjwa aing'ate. Baada ya hapo ni mbio kwa daktari wa meno, atalifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya jirani kwa muda wa wiki 2 hivi.

Ukishindwa kulirudisha, au kijana hataki kabisa kuguswa, litie kwenye maziwa. Maziwa yana ujazo wa chumvichumvi unaokaribiana na wa mwili, chembe zinadumu humo. Maji ya kawaida huingia ndani ya chembe yakazivimbisha na kuzipasua. Hata hivyo kama pana maji tu na hakuna kingine, ni afadhali kuliko kuliacha likauke. Maziwa hayapo? Ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo. Barafu tupu achana nayo.

Na mtu aliyezimia au asiyejitambua vizuri usimrudishie jino kinywani, atalivuta kwenye njia ya hewa.

Mama Pacha

Asante kwa elimu. Mimi wangu ana miaka 3, kaanguka jana, jino la mbele la juu limezama ndani ya fizi, linaonekana ncha tu. Nimejaribu kulivuta akalia sana nikaacha. Au ndiyo hilo la kulirudisha?

Gego la Mwisho

Dada, usilivute tena. Niliyomwambia Kipenga ni ya meno ya kudumu tu. Jino la utotoni lililong'oka halirudishwi kamwe, kwa sababu juu yake, ndani ya mfupa, kuna jino la kudumu linaloendelea kujengeka, na ukisukuma unaweza kulijeruhi. Lililozama kama la mwanao kwa kawaida huachwa lishuke lenyewe. Mengi hurudi ndani ya miezi 6, mengine huchukua hadi mwaka.

Lakini mpeleke aonekane, ikiwezekana leo. Daktari ataangalia jino limeelekea wapi na kama midomo ina vipande ndani yake. Ukiliona baadaye limebadilika rangi likawa la kijivu, hiyo peke yake si sababu ya kuling'oa. Fizi ikianza kuota kijipu juu yake, hiyo ndiyo sababu ya kurudi haraka.

Mbishi Mkuu

Mnatutisha bure. Mimi jino likinisumbua nameza antibayotiki nilizobakiza mara ya mwisho, siku ya pili nimepona, kazi inaendelea. Daktari wa nini?

Gego la Mwisho

Karibu Mbishi, nilijua utafika.

Dawa husafiri kwa damu. Kiini kilichokufa hakina damu. Kwa hiyo dawa yako inazunguka mwili mzima lakini ndani ya jino haifiki, inaishia kupunguza nguvu za bakteria waliotoka nje ya mzizi. Unapata nafuu, chanzo kimebaki pale pale, na baada ya muda kinarudi. Tena nusu dozi uliyobakiza inakuachia bakteria waliozoea dawa.

Na kama kiini bado ki hai na kinauma, tatizo ni uvimbe uliobanwa, hapo antibayotiki haiondoi maumivu kabisa. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 unaowashauri madaktari wasiandike antibayotiki kwa maumivu mengi ya meno ya watu wazima wenye afya, mradi tiba ya jino lenyewe ipo. Tiba ni kufungua: kusafisha mizizi, kupasua jipu usaha utoke, au kung'oa. Antibayotiki ina kazi yake pale maambukizi yanapoanza kuenea, homa, uvimbe, uchovu wa mwili mzima, na hata hapo inasindikiza tu.

Mbishi Mkuu

Sawa, lakini hujanieleza kwa nini mimi huwa napona.

Zamu ya Usiku

Naomba nimsaidie mleta uzi, mimi ni muuguzi wa idara ya dharura. Ndugu Mbishi, huponi. Unalisahau tu. Hao tunaowapokea na shingo imejaa usaha, ukiwauliza, wengi walikuwa na jino "lililopona" muda fulani nyuma.

Na mimi naongeza jambo mleta uzi hakuligusa. Si kila kinachouma tayani ni jino. Maumivu ya taya la chini yanayokuja ukipanda ngazi au kufanya kazi nzito, yakipungua ukipumzika, au yanayokuja pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu, kubanwa kifua na kuishiwa pumzi, hayo ni ya moyo hadi yathibitishwe vinginevyo. Mtu wa namna hiyo haendi kliniki ya meno, anaitiwa gari la wagonjwa. Vilevile magego kadhaa ya juu yakiuma kwa pamoja, na ukiinama yanazidi, huku pua imeziba, mara nyingi ni mafua yaliyoingia kwenye uwazi wa mfupa wa shavu.

Gego la Mwisho

Hapo kwenye moyo umepiga penyewe.

Taabani

Wakuu naandika kwa shida. Nilikuwa na gego la chini kulia limeniuma wiki nzima, juzi likaacha. Leo nimeamka shavu limevimba, jioni hii uvimbe umeshuka chini ya taya, pagumu kama ubao. Homa ipo. Nimekandia maji ya moto lakini naona kama unaongezeka. Nisubiri kesho kliniki ifunguliwe?

Gego la Mwisho

Taabani, acha maji ya moto. Nijibu haya upesi: vidole vyako vitatu vikisimama wima vinaingia kati ya meno ya juu na ya chini? Mate unayameza bila shida? Ulimi umeinuka au chini yake pamevimba? Sauti imebadilika?

Taabani

Kidole kimoja tu kinaingia. Kumeza kunauma, mate nayatema kwenye kitambaa. Chini ya ulimi pamejaa. Mke wangu anasema naongea kama nina kitu mdomoni.

Zamu ya Usiku

Kaka, ondoka sasa hivi. Hospitali kubwa yenye idara ya dharura inayofanya kazi usiku. Kliniki ya meno isubiri. Kaa wima njiani, usilale chali. Usile wala kunywa, huenda ukahitaji kupasuliwa usiku huu. Mtu akusindikize, usiendeshe mwenyewe. Mlangoni usiseme "jino linauma", watakuweka kwenye foleni. Sema "nimevimba chini ya taya, siwezi kumeza mate, mdomo haufunguki". Kama una kisukari wataje hicho pia mara moja.

Gego la Mwisho

Kwa wengine mnaosoma: hali inayohofiwa hapa ilielezwa na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ni maambukizi yanayoshika sakafu yote ya kinywa pande zote mbili, ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inazibwa. Chanzo chake mara nyingi ni gego la chini. Kabla ya antibayotiki zaidi ya nusu ya waliopatwa walifariki. Siku hizi wengi wanapona, kwa sharti la kuwahi.

Dalili zake ndizo hizo nilizomuuliza. Mdomo kutofunguka, kushindwa kumeza, udenda kutiririka, sauti kuwa nzito, sakafu ya kinywa kuinuka. Moja tu kati ya hizo pamoja na uvimbe inatosha kukuondoa nyumbani usiku. Jicho likianza kufumba kwa uvimbe au kuona vitu viwiliviwili, ni hivyo hivyo. Kuhusu joto: uvimbe wa usaha usiukande kwa moto. Baridi kwa nje ya shavu, dakika 10 hadi 20 kisha unapumzisha, inaruhusiwa.

Pembe la Chaki

Mungu amsaidie Taabani. Mimi yangu ni ndogo. Jino linauma usiku, halina uvimbe, kliniki ni kesho. Nimeze nini? Mama mkwe ameniambia niweke aspirini pale pale kwenye fizi.

Gego la Mwisho

Shikamoo yake mama, ila aspirini kwenye fizi inaunguza. Utaamka na kidonda cheupe juu ya jino bovu. Aspirini hufanya kazi ikimezwa, na watoto wasipewe kabisa.

Kwa mtu mzima mwenye afya, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000 hushinda dawa nyingi kali za maumivu ya meno, kwa sababu kila moja inafanya kazi kwa njia yake. Parasetamoli isizidi miligramu 4000 kwa saa 24, na uangalie dawa za mafua, nyingi nazo zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni si ya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mjamzito aliyevuka wiki 20. Mwenye pumu aulize kwanza.

Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili. Ukilala chali damu inajaa kichwani na jino linajua. Mafuta ya karafuu kidogo kwenye pamba yakigusa jino lenyewe yanasaidia kwa muda, yasimwagike kwenye fizi.

Na jipime: maji baridi yakichoma kisha yakaacha ndani ya sekunde chache, kiini bado kinaweza kupona kwa kuzibwa tu. Maumivu yakibaki dakika nzima, au yakija yenyewe bila kuguswa, jiandae kusafishwa mizizi au kung'olewa.

Nimeng'olewa Leo

Jina linajieleza. Nimetoka kung'oa mchana, kila nikitema ni damu. Natema, nasukutua, natema. Ni kawaida?

Gego la Mwisho

Kutema ndiko kunakokutoa damu, ndugu yangu. Donge la damu linajaribu kuganda tundu lifungwe, wewe unalivuta nje. Chukua gozi au kitambaa safi, kilowanishe kidogo, kikunje kinene, kiweke juu ya tundu lenyewe, si kando, ung'ate kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakowaponza wengi. Mfuko wa majani ya chai uliolowanishwa nao unafaa, majani yana kitu kinachokaza mishipa. Kaa wima. Saa 24 za kwanza usisukutue, usivute kwa mrija, usivute sigara.

Mate yenye wekundu siku ya kwanza ni kawaida. Damu inayojaza kinywa baada ya kung'ata vizuri mara mbili si kawaida, rudi. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi mwambie daktari, ila usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Tena uwe macho siku ya 2 hadi ya 4. Maumivu yakipanda badala ya kushuka, yakapiga hadi sikioni, na harufu mbaya ikaja, donge limetoka na mfupa uko wazi. Si hatari kwa maisha ila inatesa, na inatulizwa kwa dakika chache kwa kusafishwa na kuwekewa dawa. Wavutaji sigara ndio wateja wakubwa.

Kipenga

Nirudi kidogo. Na jino likivunjika nusu badala ya kung'oka?

Gego la Mwisho

Tafuta kipande, kitie kwenye maziwa au maji, kipande hakina chembe za kulinda kama mzizi, ila kisikauke, kinaweza kugandishwa tena. Ukiona doa jekundu katikati ya jino lililobaki, kiini kiko wazi, awahi siku hiyo hiyo. Kipande kisipoonekana, pekua mdomo uliochanika, hujificha humo. Akiwa anakohoa bila kukoma, apigwe eksirei ya kifua.

Jino lililosogea tu bila kutoka, anaweza kulirudisha kwa kung'ata polepole, asilazimishe. Na akisema meno hayakutani kama zamani, au mdomo wa chini una ganzi, au chini ya ulimi pamevilia damu, lifikirie taya limevunjika. Hospitali.

Taabani

Wakuu, niko wodini, ninachapa kwa kidole kimoja. Walinipokea mbio baada ya kusema nilivyoelekezwa. Walipasua chini ya taya usiku ule ule, wakaweka kimpira cha kutolea usaha, gego limeng'olewa, dawa zinaingia kwa mshipa. Daktari amesema kesho wataangalia kama kimpira kitolewe. Naruhusiwa kumeza maji sasa. Mke wangu anawasalimu.

Zamu ya Usiku

Tumefurahi sana kaka. Wakikuruhusu na vidonge, vimalize vyote. Na fanya mazoezi ya kufungua mdomo wakikuelekeza, msuli uliovimba hukakamaa ukiuacha.

Mbishi Mkuu

Taabani pole. Mleta uzi, hili gego langu la chini "lililopona", kuliangalia inabidi lipigwe eksirei au mnagonga tu?

Gego la Mwisho

Vyote viwili. Tunaligonga, tunalipima kwa baridi kama lina uhai, na eksirei inaonyesha kama kuna kivuli kwenye ncha ya mzizi. Njoo bila kumeza zile ulizobakiza.

Kipenga

Nimepanga begi la timu: glavu, gozi, leso safi, chupa ndogo ya maji ya chumvi ya hospitali na kikombe chenye kifuniko. Maziwa nitanunua siku ya mechi. Kuna kilichosahaulika?

Gego la Mwisho

Namba ya simu ya daktari wa meno anayepokea wagonjwa siku za mapumziko, uwe umeshaongea naye kabla. Kinga za meno kwa wachezaji wote, si kipa peke yake. Na waulize wazazi mapema nani amechanjwa pepopunda, maana jino lililodondoka kwenye udongo daktari ataliulizia hilo kwanza.